Pengo Juu ya Chalbi

Nasibo Galgalo alikuwa mlinzi pekee aliyebaki katika Kituo cha Chalbi. Walipoanza walikuwa wanne, wakipokezana zamu na kugombania sufuria moja. Mmoja alihamishiwa Nairobi. Mwingine aliacha kazi akisema kimya cha jangwa kimemla masikio. Wa tatu alikuwa Diba, mume wa Nasibo, naye alizikwa upande wa mashariki wa uzio, mahali ambapo upepo haufukui mchanga. Baraza la Anga halikuleta mtu mwingine. Walisema mitambo sasa inaongozwa kutoka makao makuu, na kazi iliyobaki pale ni kupangusa vumbi na kuhakikisha jenereta haijazimika.

Kwa hiyo alipangusa vumbi. Milingoti ilisimama safu kwa safu juu ya chumvi nyeupe ya Chalbi, na kazi yake ilikuwa kuipasha moto hewa. Haikuwa hewa hii tunayoivuta, bali ile iliyo juu mno, zaidi ya kilomita mia moja, nyembamba kiasi kwamba hakuna ndege inayoweza kuiegemea. Mawimbi ya redio yalipanda kutoka kwenye milingoti yakaichemsha hewa hiyo hadi baadhi ya atomu zikapokonywa elektroni zake. Ni baadhi tu. Katika mamilioni ya atomu, moja hubaki na chaji na nyingine zote hubaki kama zilivyokuwa, hazina habari. Lakini hiyo moja ilitosha. Tangu setilaiti zilipogongana na kusagana hadi zikawa mkanda wa vyuma vinavyoizunguka dunia, hakuna chombo kilichorushwa huko kikadumu. Nchi nzima ilizungumza kwa kuipeleka sauti juu, ikagonga ile hewa iliyochajiwa kidogo, ikarudi chini kwa aliyekusudiwa. Wahandisi walikuwa na jina refu la kuiita. Watu wa kawaida waliiita Dari.

Dari ilitaka kulishwa bila kupumzika. Elektroni iliyopokonywa hairidhiki mpaka irudi, na ikirudi kilichobaki ni hewa ya kawaida tu, haina faida kwa mtu. Mitambo yote ikizimwa, Dari inakufa kabla chai haijachemka.

Kila alasiri, masomo yakiisha, binti yake Qabale alipiga simu kutoka Kitale alikokuwa akifundisha. Hawakuwa na mazungumzo makubwa. Qabale alimlalamikia mwalimu mkuu, akaeleza mvua ilivyolowesha nguo alizoanika, akauliza mama yake amekula nini. Nasibo alijibu kwa maneno mawili matatu, maana alipenda zaidi kusikiliza. Siku yake nzima ilielekea kwenye simu ile. Ilipokatika, aliketi kidogo na kipokezi mkononi, kisha akarudi kwenye milingoti yake.

*

Mgeni alionekana kwanza kama vumbi. Lilikuja kutoka kaskazini, upande ambao hakuna barabara, na Nasibo alilitazama kwa muda mrefu kabla ya kusikia mlio wa pikipiki. Aliyeshuka alikuwa mwanamume wa makamo, midomo imepasuka, shati limekauka jasho likawa gumu kama ngozi. Alikunywa kikombe cha kwanza cha maji bila kupumua. Cha pili alikinywa taratibu, huku akiitazama milingoti.

Jina lake lilikuwa Lomuria Ekidor. Alikuwa tabibu wa zahanati ya Nakwetei, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa, na alikuwa ameendesha siku mbili kwenye mawe. Aliuliza kama hapa ndipo Dari inapotengenezwa. Nasibo akasema ndiyo, hapa na kituo kingine kidogo huko kusini.

"Basi nimefika," Lomuria akasema. "Nimekuja kuuliza tuliwakosea nini."

Nasibo hakumwelewa, ikabidi aelezwe. Simu za Nakwetei zilianza kufifia miaka kadhaa nyuma, na tangu masika zikawa zimekufa kabisa. Kisha kipindupindu kikaingia. Lomuria alipanda juu ya paa la zahanati kila siku akiinua antena, akaomba dripu, akaomba chumvi za kunywa, akaomba gari. Hakuna aliyejibu. Aliwazika watoto wa watu aliokula nao, na mmoja alikuwa wa dada yake. Wazee wa pale walikuwa wamefikia uamuzi wao. Walisema serikali inasikia, ila imeamua kunyamaza.

Hakupaza sauti alipokuwa akisimulia. Aliongea kama mtu anayesoma hesabu ya vifaa.

Nasibo alimketisha mbele ya meza ya mawasiliano akampa kipokezi. Lomuria alipiga ghala la dawa la kaunti, ile namba aliyoipiga mara nyingi hadi vidole vilikuwa vimeizoea. Mwanamke akapokea mara moja, akasema halo, akauliza amsaidie nini. Lomuria hakujibu. Aliketi na kipokezi sikioni, mwanamke wa upande wa pili akirudia halo, halo, mpaka Nasibo akamgusa begani. Ndipo alipoanza kutaja alichohitaji, na ghala likaahidi gari litaondoka siku ileile.

Alilala kwenye kiti cha Diba. Asubuhi alipokuwa akiifunga mitungi ya maji kwenye pikipiki, Nasibo alimwambia kwamba hawakuwahi kuwasikia. Haikuwa kwamba walisikia wakanyamaza. Hawakuwahi kusikia hata neno moja.

Lomuria alifikiri. "Nitawaambia," akasema. "Ila sijui kama hilo linauma kidogo au linauma zaidi."

*

Vumbi lake lilipopotea, Nasibo aliingia ndani akafungua ramani ya Dari kwenye kiwambo. Kaskazini ya ziwa ilikuwa ya kijani, maana yake huduma nzuri. Alikaa akiitazama rangi ile mpaka akaelewa ilikotoka. Ramani ilichorwa kwa malalamiko. Mahali watu walipopiga simu kulalamika palitiwa rangi nyekundu, na mahali pasipo malalamiko palitiwa kijani. Mtu aliye ndani ya pengo hawezi kupiga simu kusema kwamba yuko ndani ya pengo.

Akageuza antena ya kupimia, ambayo haikuwa imetumika tangu Diba alipokuwa hai, akaielekeza kaskazini. Haikufika hadi Nakwetei, lakini ilimwonyesha hewa ya juu ikielekea huko, kwa mwendo alioufahamu.

Alikuwa amelijua jambo lile tangu utotoni bila kujua kwamba ni fizikia. Baba yake alihamisha ngamia kwa kuwafunga kamba wachache tu. Waliobaki walikuwa huru, lakini kundi likisongamana, wasio na kamba wanasukumwa na wenye kamba, na mwishowe wote wanaelekea upande mmoja. Hewa ya Dari nayo ilikuwa hivyo. Sumaku ya dunia na umeme wa mitambo viliikamata ile atomu moja yenye chaji tu. Zile nyingine hazikuijua sumaku kabisa. Ila ziligongwa, na zikigongwa mchana na usiku kwa miaka, zilianza kwenda. Upepo ukazaliwa huko juu ambao hakuna aliyekusudia kuuzaa, ukavuma kuelekea kaskazini, na kama maji yote yanayokwenda ulitafuta mahali pa kushukia. Ulishukia juu ya Nakwetei. Hewa iliposhuka ilikuta msongamano, na humo kila elektroni ikakutana haraka na mahali pa kurudi. Chaji zikaisha. Dari ikatoboka.

Alimpigia Mhandisi Mwachofi, mkuu wa mitambo huko Nairobi. Walifahamiana kwa sauti miaka mingi bila kuonana. Mwachofi alikuwa mtu wa upole, na kila Idi na kila Krismasi hakukosa kumtumia salamu, kwa kuwa hakuwahi kuuliza yeye ni wa dini gani.

Nasibo alimuuliza kama analijua pengo la kaskazini ya ziwa. Mwachofi hakuuliza ni pengo gani.

"Nani amekuambia?"

"Mtu wa huko. Amekunywa maji yangu."

Mwachofi akaeleza. Hakuficha kitu, na kwa hilo Nasibo alimheshimu. Walikuwa wamelijua tangu mwanzo, kutoka kwenye hesabu. Upepo ukiburutwa lazima ushuke, na unaposhuka pengo linakuwepo. Waliweza kuamua lishukie wapi kwa kugeuza mpangilio wa milingoti, lakini hawakuweza kuliondoa. Walijaribu juu ya bonde, likakata hospitali ambako madaktari wa mjini hupasua wagonjwa kutoka mbali kwa mikono ya mashine. Walijaribu juu ya barabara kuu ya magari yanayojiendesha, yakakwama. Mwishowe wakalipeleka mahali ambapo lingeumiza watu wachache kuliko kote. Nyaya za ardhini zikishalazwa, shida itakwisha. Nyaya zilikuwa zimeahidiwa.

"Wachache kuliko kote wako hapa," Nasibo akasema. "Hapa niko mimi tu."

"Nilijua utasema hivyo siku moja."

"Basi kwa nini hamkulileta?"

Akamweleza, na sauti yake ilishuka. Pengo likikaa juu ya Chalbi, Nairobi haitaweza kuiongoza mitambo ya Chalbi. Jua likichomoza linaiongezea Dari chaji lenyewe, likizama linaziondoa, na milingoti lazima irekebishwe kila mara kufuata hali hiyo, la sivyo pengo linahama au Dari nzima inachanika. Ingebidi mtu aishike kwa mkono. Mtu huyo hatasikia neno kutoka kwa yeyote na yeyote hatamsikia. Hakutakuwa na likizo, maana hakuna wa kumpokea. Akiugua, hataweza kuita. "Na ukianguka bafuni, Bi. Nasibo, nchi nzima inaanguka pamoja nawe. Kituo cha kusini kinaweza kuishikilia siku moja, labda na nusu. Mimi siwezi kuwaweka watu milioni hamsini juu ya magoti ya mama mmoja. Na siwezi kumwomba mtu aishi hivyo. Hilo haliombeki."

Nasibo alisema hajaombwa.

Ilikuwa hoja nzito ile ya magoti, na aliipima kwa haki. Goti lake la kushoto lilimsumbua kila alipopanda ngazi. Alifikiria mgonjwa aliyelala mezani kule bondeni, kifua wazi, na mashine ikisimama ghafla. Kisha akamfikiria mtu juu ya paa akiinua antena. Hawa wawili hawakuweza kuwekwa kwenye mizani moja, maana wa kwanza angeweza kuumia na wa pili alikuwa ameshaumia, na angeendelea kuumia kesho.

"Nikianza," akasema, "utanikataza?"

Mwachofi alivuta pumzi. Nasibo alisikia kiti chake kikilia, na mlango ukifungwa.

"Laini yako ni mbaya sana leo, Bi. Nasibo," akasema polepole. "Sijasikia ulichosema mwisho. Nitajitahidi gari la maji na chakula lisikose kufika huko. Hilo nitalisimamia mwenyewe." Halafu akabaki kwenye laini, hakukata, hadi Nasibo alipokata yeye.

*

Alifanya kazi ya maandalizi kwa utulivu. Aliipaka grisi mitambo ya kuzungushia antena, akahamishia kitanda chumba cha udhibiti, akafunga kamba kwenye ngazi ili goti lipate msaada, akaunganisha king'ora na sindano ya kipimo ili kimwamshe sindano ikihama. Alasiri alizungusha ufunguo mkuu kutoka upande wa Nairobi hadi upande wa mkono. Akaanza kugeuza safu ya kwanza, halafu ya pili, nyuzi kidogo kidogo, akiuvuta upepo wa juu kama mtu anayemgeuza ngamia wa mbele. Pengo lilianza kusogea kusini. Lingechukua muda kufika.

Qabale alipopiga simu, Nasibo alimweleza yote. Alikuwa amekusudia kueleza nusu, lakini hakuwa na mazoea ya kumficha.

Binti akauliza ni kwa muda gani. Mpaka nyaya zifike. Nyaya zitafika lini? Nasibo hakujua.

"Kwa hiyo umewachagua watu usiowajua."

"Mmoja ninamjua."

"Na mimi je, mama? Baba hayupo. Mimi nina nani?"

Nasibo alikuwa akigeuza usukani wa safu ya tano kwa mkono mmoja. Aliuachia.

"Wewe ukiita unaitikiwa, mwanangu," akasema. "Ukiita jirani anakuja. Ukiita wanafunzi wako wanakuja. Kule mtu ameita mpaka sauti imekauka, na aliyekuwa akimfunga mdomo ni mimi. Sikujua, lakini ni mimi. Mkono ulikuwa wangu."

Alimsikia Qabale akilia, akiigeuza simu pembeni ili asisikike. Mchakacho ulikuwa umeanza kwenye laini, hafifu bado, kama mchanga unaosugua bati. Wote wawili waliutambua. Qabale akajifuta pua, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ile ya kila siku.

"Leo umekula nini?"

Na Nasibo, ambaye siku zote alijibu kwa maneno mawili, akamweleza. Alieleza alivyochagua mchele akatoa vijiwe, na vitunguu vilivyokuwa vimeota akavikata hivyohivyo. Akaeleza maziwa ya unga yanavyofanya mabonge usipoyakoroga, na namna Diba alivyoyapenda mabonge hayo akayatafuta kwa kijiko. Mchakacho ukazidi. Akaendelea. Alieleza chai, akaeleza sukari iliyoingiwa na sisimizi, akaeleza kikombe. Mahali fulani katikati ya kikombe aligundua kwamba hasikii tena pumzi za upande wa pili, ila hakuacha mpaka alipomaliza kukieleza, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba Qabale naye hasikii.

*

Siku za kwanza aliogopa kulala. Alilala vipande vipande, king'ora kikimwinua, akageuza usukani, akarudi kitandani. Baadaye mwili ulizoea, na alijikuta ameshaamka kabla king'ora hakijalia. Jua likichomoza alilegeza safu za mashariki, likizama alizikaza. Antena ya kupimia ilimwonyesha pengo likiwa juu yake, duara lililotulia, ukingo wake wa magharibi ukiishia juu ya kilima. Hicho ndicho kilikuwa kitu pekee alichokijua. Nakwetei ilikuwa mbali mno kwa antena ile kumthibitishia kwamba kule Dari imejifunga. Hesabu ilisema imejifunga. Lakini hesabu haina uso.

Ukiwa wake ulibadilika. Wa zamani ulikuwa na mlango, na kila alasiri mlango ulifunguliwa. Huu haukuwa nao. Saa ya simu ilipofika mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye meza ya mawasiliano, ukasimama hewani, ukarudi. Alijaribu kujisomea vitu kwa sauti, maelekezo ya jenereta, maandishi ya kwenye mfuko wa unga, lakini sauti yake ilimtisha, akaacha. Wakati mwingine alitoka nje akasimama kati ya milingoti, akaitazama anga isiyo na kitu cha kuonekana, akajua kwamba maneno ya watu wote yanapita pembeni yake, maombi na matusi na bei za mahindi, yakimzunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe. Siku nyingine alimchukia Lomuria. Siku hizo alifanya kazi kwa uangalifu zaidi.

Mwachofi alitimiza neno lake. Lori la maji lilifika hata msimu ulipoharibika. Siku moja dereva alikuwa mpya, mtu mnene mwenye kucheka anayeitwa Huka, na aliposhuka tu alianza kuitikisa simu yake na kuinyooshea juu.

"Mama, hapa kwako hamna kitu kabisa," akasema. "Imekatika pale kwenye kilima, katikati ya neno. Mke wangu atafikiri nimemkatia kusudi."

Nasibo alikuwa ameshika mpira wa maji. Alimuuliza alikuwa akitokea wapi.

Huka alisema mwezi mzima amekuwa akibeba samaki wakavu kutoka ng'ambo ya kaskazini ya ziwa, kabla ya kupewa lori hili. Alilalamika juu ya njia, juu ya mawe, na zaidi ya yote juu ya mke wake. Zamani, alisema, alizipenda safari za kule kwa sababu ukishafika Nakwetei dunia nzima inakupoteza, unalala mpaka uchoke. Siku hizi hamna raha hiyo. Simu inaingia hadi kwenye kizimba cha samaki. Mkewe anampata asubuhi, anampata mchana, na vibibi vya pale navyo vinashinda vimeshika simu vikigombana na wajukuu walio mjini.

Maji yalikuwa yakimwagika pembeni ya tangi. Nasibo hakuyaona mpaka Huka alipomwonyesha.

Walipomaliza kujaza tangi, Huka alimwambia kwa huruma kwamba kama ana mtu wa kumpigia, apande waende mpaka kilimani, si mbali, kisha atamrudisha. Nasibo alikitazama kilima. Jua lilikuwa limeanza kuinama na safu za mashariki zilitaka kukazwa. Akasema hawezi kuacha kazi. Akampa namba ya Qabale, akamwomba amwambie tu kwamba amemwona mama yake amesimama kwa miguu yake.

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Lakini wewe kaa kidogo. Nisimulie mke wako anasemaga nini."

Huka alidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, alimfuata ndani, akaketi kwenye kiti cha Diba, akaona haya kidogo, kisha akaanza. Mke anauliza amekula nini. Anauliza nyundo ameiweka wapi. Anasema mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye mboga za sukuma wiki, na jirani anajifanya haoni. Anasema mvua imekataa. Anasema usiendeshe na usingizi. Nasibo aligeuza usukani mmoja baada ya mwingine akiwa amempa mgongo, na kila Huka aliponyamaza alimuuliza, "Halafu?" na Huka akakumbuka kingine.

Aliondoka jua likiwa chini. Nasibo alisimama mlangoni, mkono mmoja ndani juu ya usukani, akilifuatilia lori lilivyovuka chumvi, likapanda kilima polepole, likafika juu. Pale juu taa za breki ziliwaka. Lori likasimama ghafla, na mlango wa dereva ukafunguliwa. Ilikuwa mbali mno kusikia chochote. Lakini alimwona Huka akishuka, akiweka kitu sikioni, akianza kutembea huku na huku barabarani akirusha mkono kama mtu anayejitetea.

Nasibo alikaza safu ya mwisho, akabaki mlangoni akimtazama hadi alipomaliza kuzungumza.